Sikio Yuko Ndani

Kiwanda chetu cha unga kilipofungwa, wenye mali walituletea mwanamke wa kutufundisha kujisifu. Mimi nilimwelewa hivyo. Yeye alijiita mkufunzi. Alisimama katikati ya bwalo la kulia, viatu vyake vya visigino vikiwa vimeshapata weupe wa unga, akatuambia kuna kinu kipya upande wa pili wa mji kinachotafuta watu. Meneja wake atakuja kutuona mmoja mmoja, na kila mmoja atapewa dakika moja ya kujieleza.

"Dakika moja?" fundi wa mota akauliza. "Mimi hiyo naimaliza kwa kupiga chafya."

Tulicheka sana, kicheko cha watu ambao kesho hawana pa kwenda. Mkufunzi akasubiri tumalize. Akasema tufikirie tumeingia kwenye lifti na ndani yumo tajiri. Mpaka lifti ifike juu, tajiri awe ameshajua wewe ni nani na utamfaa nini. Lifti pekee tuliyoijua sisi ni ile ya kupandishia nafaka, na mtu akiingia humo anatokea upande wa pili akiwa unga. Lakini mfa maji haachi kutapatapa. Tukafumba macho tukamfikiria huyo tajiri.

Shida ilikuwa swali lake la kwanza. "Wewe ni nani?" Kila aliyeulizwa alijibu kama alivyolelewa kujibu: mimi ni mtoto wa fulani, kwetu tuko sita, baba alikuwa seremala, shangazi yangu ndiye aliyeolewa na yule mwenye duka. Mkufunzi akapiga meza kwa kiganja.

"Ukoo wako hautasaga unga! Sema unajua nini, umefanya nini, unataka nini. Umemaliza, kaa chini."

Ikafika zamu ya mume wangu. Kiwandani tulimwita Gunia, kwa sababu kazi yake ilikuwa kujaza magunia, kuyashona midomo na kuyabeba, na mgongo wake ulikuwa umeshaanza kufanana nayo. Alisimama, akavua kofia. "Mimi..." akasema. Akatazama dari. "Mimi ni..." Sauti ikamkauka, na mikono ikaanza kusema peke yake: ngumi inazunguka, vidole vinadonoa hewani vikishona gunia lisilokuwepo. Mkufunzi akamwuliza kama anaumwa.

Hakuwa anaumwa. Ndani ya kinu hakuna anayesikia sauti ya mwenzake, kwa hiyo sisi wote tulizungumza kwa mikono. Ngumi inayozunguka ni mtambo. Kidole kikichora duara kwenye kiganja ni beringi, ile pete ya chuma inayoushika mhimili. Vidole vikipapatika kwenda juu ni moto. Kiganja kikipita shingoni maana yake zima mtambo, zima sasa hivi, maswali baadaye. Kwa mikono hiyo tulisengenyana, tulitongozana, tulitukana wakubwa mbele yao na wao wakatupungia wakidhani tunawasalimu. Gunia aliniposa hivyo hivyo, yeye akiwa upande wa magunia na mimi kwenye mtambo, nikamkubali kwa vidole vilivyojaa grisi.

Mimi waliniita Sikio. Nilikuwa naendesha mtambo wa kusaga, na sifa yangu ilikuwa kuusikia kabla haujaharibika. Kinu chote kinanguruma, lakini ukishakizoea unaanza kusikia ndani ya ngurumo, kama mama anavyokitambua kikohozi cha mwanawe katikati ya watoto wa mtaa mzima. Beringi ikikosa grisi hupiga mluzi mwembamba. Mluzi ukipuuzwa, beringi inapata moto, na vumbi la unga linaloelea chumbani likikutana na chuma cha moto linawaka mara moja, chumba chote. Kila anayefanya kazi ya unga anajua hilo na hapendi kulitaja.

Na Gunia alikuwa hasikii. Sehemu yake ilikuwa chini ya chekeche kubwa, na chekeche lilimla masikio taratibu, mwaka baada ya mwaka. La kulia lilikufa kabisa, la kushoto likabaki na makombo. Nilipomletea dawa ya matone aliitia huku anacheka. "Sikio la kufa halisikii dawa, mke wangu," akasema. Tuliojua ni mimi na mama yake tu. Kiwandani hakuna aliyegundua, maana alisoma midomo na mikono kama sisi sote. Lakini nani amwajiri mwanamume kiziwi wa umri ule? Tukafunga midomo.

Jioni tulifanya mazoezi chumbani kwetu. Mama mkwe alikaa kitandani akichambua mchele, watoto wetu wamelala kwenye kona, sisi tukasimama kati ya meza na mlango, mahali pekee palipotosha watu wawili wima.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," mama mkwe akasema bila kuinua macho kwenye ungo. "Enzi zetu tulitembeza ndizi. Siku hizi mnatembezwa nyinyi."

"Mama, tuache basi," Gunia akasema. "Mke wangu, anza wewe."

Dakika yangu haikunisumbua. Ilikuja nikiwa naosha vyombo, na tangu ilipokuja haikubadilika: "Mimi naendesha mtambo wa kusaga. Nikisimama karibu nao nausikia kabla haujaharibika. Beringi ikikauka naijua kwa mluzi, mkanda ukilegea naujua unavyopapatika. Mtambo niliousimamia haujawahi kuwaka moto, na hakuna aliyepoteza kidole mbele yangu. Nipeni mtambo wenu, nitausikiliza."

Mama mkwe aliipenda. Alikuwa akinituma sokoni ananiambia, "Nipeni vitunguu vyenu, nitavisikiliza," kisha anacheka mpaka mchele unamwagika.

Dakika ya Gunia ilikuwa ndiyo kazi. Nilimtungia maneno mafupi: najaza magunia, nayashona, gunia nililoshona halijawahi kupasuka njiani. Alikuwa akifika sentensi ya pili anakwama, macho yanamtoka. Hapo nilimwonyesha kwa mikono neno linalofuata, naye akalidaka akaendelea kama mtu aliyeshikwa mkono kuvuka barabara.

"Usinitazame mimi," nikamwambia. "Mtazame tajiri."

"Tajiri hana mikono yako."

"Siku hiyo sitakuwepo ndani."

"Utakuwa karibu," akasema. Alilisema kwa imani kabisa, na mimi nikaona raha kusikia hivyo, mjinga mimi.

Ilikuwa desturi yangu nami kufanya mazoezi kwa mikono, mdomo umefungwa. Maneno yakipita vidoleni yanakaa katika mstari. Nilifanya hivyo jikoni, njiani, hata kwenye foleni ya maji, na watu wa kinu hawakunishangaa kwa sababu nao walikuwa wanafanya vivyo hivyo. Ungetupita siku zile ungedhani mtaa mzima umepatwa na wazimu wa kutwanga hewa.

Siku ya kuonana na meneja tulipangwa kwenye benchi la ukumbini, nje ya ofisi ya karani. Ofisi hiyo ina dirisha kubwa la kioo. Wenye kuuliza waliketi wakilipa kioo mgongo, anayejieleza akasimama akitazama kwao, yaani akitazama na sisi tuliokuwa kwenye benchi. Gunia aliingia kabla yangu. Mlango ulipofungwa nilifumba macho, kwa kuogopa kwamba akiona uso wangu wenye wasiwasi atapotea. Nikaanza kupitia dakika yangu mwenyewe. Ngumi ikazunguka. Kidole kikachora duara. Nilikwenda mpaka mwisho, mpaka viganja viwili vilivyo wazi, nipeni, na kidole kwenye ncha ya sikio.

Nilipofumbua macho meneja alikuwa amesimama, amempa Gunia mkono.

Alitoka bila kunitazama. Alipita kama mtu aliyeokota kitu njiani na hajui akirudishe au aongeze mwendo. Mimi nikadhani ni furaha, nikaingia nikiwa sina hofu hata kidogo. Meneja alikuwa mtu mpole mwenye kalamu mbili mfukoni, na kando yake mama mmoja wa ofisini aliyekuwa anapiga miayo.

"Haya mama, jieleze."

"Mimi naendesha mtambo wa kusaga," nikasema. "Nikisimama karibu nao nausikia kabla haujaharibika. Beringi ikikauka naijua kwa mluzi..."

Yule mama akaacha miayo. Akamtazama meneja, wakatabasamu.

"Mtambo niliousimamia haujawahi kuwaka moto," meneja akanimalizia kwa upole. "Nipeni mtambo wenu, nitausikiliza. Si ndiyo?"

"Umejuaje?"

"Mama, mzee wako ametoka hapa sasa hivi. Ametuambia yote hayo, neno kwa neno. Mmefanya mazoezi pamoja, inapendeza. Lakini ukweli, yeye ameyasema vizuri zaidi, maana ni yake."

Nilielewa pale pale. Niliona kioo nyuma ya vichwa vyao, niliona benchi, na mwanamke wa zamu inayofuata akitwanga hewa kwa mikono yake. Damu ilinipanda mpaka nikasikia masikio yanavuma. Nikisema ni mwongo, watamnyang'anya, na mimi hawatanipa. Wataona ukoo mzima ni wa matapeli. Nikinyamaza, kuna mmoja wetu mwenye kazi. Kweli ilinikaa mdomoni kama pilipili iliyotafunwa mbele ya wageni.

"Nafasi ya mtambo ni moja na tumeshampa mkono," meneja akasema. "Wewe binafsi unajua kazi gani?"

Nikasema, "Najaza magunia na kuyashona. Gunia nililoshona halijawahi kupasuka njiani."

Wakasema washonaji wametosha.

Tukarudi nyumbani, mimi nikitangulia. Tulipofika kwenye kona ya fundi baiskeli akanishika bega, akanigeuza ili anione mdomo.

"Nilidhani unaniokoa," akasema. "Nilikwama. Nikatazama kioo, mikono yako inasema mtambo, nikasema mtambo."

"Mpaka beringi? Mpaka moto? Hukujiuliza, wewe mshona magunia?"

"Nilipofika kwenye beringi nilijua si yangu." Akavua kofia. "Lakini meneja alikuwa ameacha kuandika, ananitazama. Mke wangu, hakuna mtu aliyewahi kunitazama vile."

Nilitaka kumpiga. Nilitaka pia kumfuta unga uliomganda nyusini, na sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Maji yakimwagika hayazoleki. Nyumbani mama mkwe alitupokea kwa vigelegele, kisha mwanawe akamweleza, vigelegele vikakatika. Akanigeukia.

"Chungu ni kimoja," akasema mwishoni. "Akipata yeye umepata wewe."

"Chungu ni kimoja, mama, lakini mwiko ameshika nani?"

Alirudi kwenye mchele wake, na tangu siku ile hakufanya tena mzaha wa vitunguu.

Kinu kipya kilimpenda Gunia kuliko kilivyomjua. Meneja alisimulia dakika ile kwa kila mgeni aliyekanyaga pale, kisha akamleta mchoraji, wakaiandika sentensi ya mwisho ukutani karibu na geti kwa rangi nyekundu: NIPENI MTAMBO WENU, NITAUSIKILIZA. Na kwa sababu mtu mwenye maneno kama hayo hawezi kuitwa Gunia, wakampa jina jipya. Wakamwita Sikio.

Aliponiambia hivyo, na kwamba wenzetu wachache waliochukuliwa hawakutaka kumwaga unga wa mwenzao, alikuwa anatazama sahani yake. Nilinyanyuka nikaenda kusimama nje kidogo. Kazi nilishaitoa, maneno nilishayatoa. Jina sikudhani kama nalo huchukuliwa.

Sasa tufanyeje? Kiziwi amekabidhiwa mtambo. Chumba cha mtambo kilikuwa na dirisha la nondo lisilo na kioo, linalotazama barabara, na ng'ambo ya barabara palikuwa na kivuli cha ukuta. Nikaweka meza pale, nikapanga nyanya na vitunguu. Nilikaa kwenye kigoda na kusikiliza. Gunia alikuwa akija dirishani kila baada ya muda kidogo, na mimi nikimwambia kwa mikono: mtambo mzima, endelea. Au mkanda unalegea, kaza. Au kidole kwenye kiganja, beringi ya chini, tia grisi. Akaenda akatia. Baadaye nilimwona meneja akimpiga mgongoni kwa kumpongeza, na mimi nikampimia mteja vitunguu.

"Mama wa nyanya, mbona unafukuza nzi hata wakiwa hawapo?" wateja walinitania.

"Nawafukuza watakaokuja," nikawaambia.

Sitasema tulikuwa na furaha. Tulikula, watoto wakavaa, mama mkwe akatembea mtaani kichwa juu akitajwa mama yake Sikio. Wakati mwingine nilitazamana na Gunia kupitia zile nondo, yeye anasubiri mikono yangu na mimi nasubiri sauti ya mtambo, tukawa kama zamani kabisa tulipokuwa tunatongozana. Siku hizo nilimsamehe mpaka jioni.

Kisha majirani wa kinu wakalalamika. Vumbi la unga lilikuwa linatua kwenye nguo walizoanika. Meneja, ambaye hakupenda ugomvi na mtu, akamwita seremala. Nilikuwa kwenye kigoda changu niliposikia nyundo. Waliziba madirisha yote kwa mbao, na la Gunia likawa la mwisho. Aliweka uso wake kwenye nondo hadi ubao ulipomfikia.

Jioni ile tuligombana, na tuligombana kwa sauti, nikipiga kelele kwenye sikio lake la kushoto.

"Waambie!"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba husikii. Kwamba aliyekuwa anasikia ni mimi."

"Nikisema hivyo watanifukuza mimi na wewe hawatakuchukua. Si ulijua hivyo siku ile? Si ndiyo maana ulinyamaza?"

Alikuwa sahihi, na hicho ndicho kilichonichoma.

"Nitaweka kiganja kwenye mtambo," akasema. "Mtetemo nauhisi vizuri."

"Mluzi hautetemeshi kitu. Beringi ikifika kutetemeka umeshachelewa."

"Mwanangu maisha yake yote hajawahi kuwa na jina," mama mkwe akasema kutoka kitandani. "Mwacheni nalo."

Tukamwacha nalo. Asubuhi alikwenda kazini, mimi nikaenda na meza yangu. Niliendelea kusikiliza ingawa sikuwa tena na wa kumwambia. Sikio halina kifuniko.

Lilitokea mchana, wenzake wakiwa wametoka kwenda kula. Nilikuwa namrudishia mtu chenji nikasikia mluzi. Ulikuwa mwembamba, umepita kwenye mbao kama uzi unavyopita tundu la sindano. Beringi ya juu. Niliacha mteja na nyanya zake nikakimbia mpaka getini.

"Fungua! Zimeni mtambo! Beringi ya juu imekauka!"

Mlinzi alisimama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akininunulia nyanya. "Kwani wewe si mama wa nyanya?"

"Fungua baba, nakuomba. Mume wangu yumo humo."

"Basi msubiri atoke, mama. Mambo ya nyumbani hayaletwi kazini." Akaona uso wangu, akalainika kidogo. "Haya, taratibu. Jieleze. Wewe ni nani, unataka nini?"

Swali nililifahamu. Nililifanyia mazoezi jikoni, njiani na kwenye foleni ya maji.

"Mimi ni Sikio," nikasema.

"Sikio yuko ndani."

"Mimi ndiye naendesha mtambo wa kusaga. Nausikia kabla haujaharibika. Beringi ikikauka naijua kwa mluzi, na inapiga mluzi sasa hivi. Mtambo niliousimamia haujawahi kuwaka moto. Niacheni niingie, nipeni huo mtambo..."

"Nitausikiliza," mlinzi akamalizia, akacheka. Akanyoosha rungu kuelekea ukutani, kwenye yale maandishi mekundu. "Mama, hata mimi nimeyakariri. Nashinda nayo hapa kutwa nzima."

Nikaona kwa ndani, kwenye kona ya bohari, mpakiaji mmoja amekaa juu ya magunia. Nilipitisha mkono kati ya vyuma vya geti, nikapitisha kiganja shingoni, zima, zima sasa hivi. Nilirudia na kurudia. Yule mpakiaji alikuwa mgeni wa kazi. Hakutoka kiwanda chetu. Akanitazama akashtuka. Na mlinzi uso ukambadilika.

"Unamtishia nani kumchinja hapa?" akasema, akanikamata mkono.

Unajua nini, umefanya nini, unataka nini. Niliyasema yote matatu. Nilikuwa bado nayasema, amenishika kiwiko ananisukuma kuelekea barabarani, mluzi ulipokoma. Asiyejua angeona nafuu. Mimi nilijua chuma kimeshapata moto, nikakaa chini palepale kwenye vumbi la barabara.

Mbao za madirisha ndizo zilizoruka kwanza, zote kwa pamoja, moto ukazifuata.

Walimtoa Gunia akiwa hai. Waliosaidia kumtoa walisema walimkuta karibu na mtambo, na kwamba hakuonekana kama mtu aliyekuwa akikimbia. Najua alikuwa anafanya nini. Alikuwa ameweka kiganja.

Hospitali waliniruhusu niingie kidogo. Nilisimama mahali anapoweza kuniona, nikamwambia kwa mikono kwamba nilisikia, kwamba nilikuja mpaka getini, kwamba hawakunifungulia. Aliitazama mikono yangu mpaka ikamaliza. Yake ilikuwa imefungwa bandeji hadi viwiko, na kwa hiyo sikujua alitaka kunijibu nini. Jua lilipozama alikuwa ameshakwenda.

Watu hudhani kifo kinafuta hasira. Hakifuti, kinakunyima tu wa kumgombeza. Nilimlilia na nilimkasirikia kwa pumzi ileile. Kuna wakati msibani niligundua nimekunja ngumi, na jirani akazikunjua akidhani ni uchungu. Ulikuwa uchungu kweli, lakini haukuwa mtupu.

Baada ya mazishi meneja alikuja nyumbani. Aliketi kwenye kiti chetu kimoja, nyusi zake zimeungua, kalamu hana hata moja. Mimi na mama mkwe tulikuwa chini kwenye mkeka. Alisema wapakiaji wawili bado wamelazwa lakini watapona. Alisema hajawahi kufanya kazi na mtu kama marehemu. Alisema hitilafu lazima ilikuwa ya ghafla mno, maana ingekuwa na dalili yoyote, hata ndogo, Sikio angeisikia.

"Angeisikia," mama mkwe akasema. "Mwanangu alikuwa anasikia mpaka sisimizi akikohoa."

Meneja akaitikia kwa kichwa, akafuta macho. Kisha akanigeukia.

"Mama, najua si wakati wake, unisamehe. Tunajenga upya. Mtambo mpya unakuja, na mimi bila mtu mwenye sikio kama lile siwezi kuuwasha tena, naogopa. Wewe ulifanya kazi naye kule kiwanda cha zamani. Hakuna mwingine? Hata kama hajasoma, hata kama hajui kujieleza. Nitajie tu, nitamfuata mwenyewe."

Watoto walikuwa wamelala kwenye kona, na ndani ya debe la unga hamkuwa na kitu. Kazi ile ilikuwa yangu tangu mwanzo, na sasa ilikuwa imekuja yenyewe mpaka mkekani, imevua viatu mlangoni. Kichwa changu kilikuwa bado hakijaamua, lakini mikono ilikuwa imeshaanza. Niliihisi ikiinuka kutoka mapajani. Ngumi ikazunguka. Kidole kikatafuta kiganja.

Mama mkwe akaikamata. Aliikamata yote miwili kwa mikono yake iliyojaa mishipa, akaibana kwenye mapaja yangu, na akanitazama usoni. Macho yake yalikuwa yananiomba kama sijawahi kuona mtu mzima akiomba.

"Hakuna," nikamwambia meneja. "Alikuwa mmoja tu."

Meneja akainamisha kichwa kwa heshima, akiona wafiwa wawili wameshikana mikono. Akaaga, akatafuta viatu vyake. Mama mkwe hakuniachia mpaka gari lilipoondoka.